Muhtasari wa Kikao cha Jumamosi

Mimi ndimi katibu. Kalamu ya klabu iko mikononi mwangu
tangu Murhula ahamie Uvira.
Basi naandika: Kadutu, ukumbi wa parokia,
viti sitini vya plastiki, thelathini na vinane vikakaliwa,
sambusa, soda, na bango letu la manjano
lililokunjamana kwenye herufi ya kwanza ya neno HUDUMA.

Mwenyekiti, Wakili Bisimwa, akafungua kwa methali:
udongo uwahi ungali maji.
Tukapiga makofi. Nami nikaiandika
bila kusikia nilichokiandika.

Kisha mgeni: Nshobole, bibi shamba,
mwanamke mfupi, buti za mpira,
mabeseni mawili kwapani.
Hakutaka kipaza sauti.
Beseni la kwanza: udongo wa Kasali, uchi,
kama tunavyouacha tukishachimba msingi.
La pili: udongo uleule, na nyasi za vetiva
ambazo mizizi yake, akasema, hushuka kupita kimo cha mtu.
Akayainamisha yote mawili, yakawa vilima vyetu,
akamimina maji ya birika taratibu,
huku na huku, kiasi kilekile.

La pili lilitoa maji kidogo, karibu meupe.
La kwanza lilitoa mchuzi mwekundu
uliopita juu ya meza, ukashuka,
ukaingia katika kiatu cha Wakili Bisimwa.
Tulicheka. Nshobole hakucheka.
"Hicho ni kiatu," akasema.
"Nyumba nayo huingiwa hivyohivyo."

Maswali.
Alisimama Mama Cibalonza, yule wa mchanga,
anayechota korongoni na kuwauzia waashi kwa ndoo,
kucha zake zimelika hadi nyama:
"Nimesikia korongo ni kidonda.
Mimi ninakula kwenye kidonda hicho,
mimi na watoto wanne na ada ya shule.
Mkilifunga, mtanifungulia wapi?"

Nilingoja jibu, kalamu juu ya karatasi.
Mtu akakohoa. Mtu akafungua soda.
Nshobole alimtazama muda mrefu:
"Sijui, mama. Nilikuja na nyasi tu."
Hilo nalo nimeliandika.

Ndipo mvua. Ilianzia upande wa Nyamugo,
ikapanda bati kwa bati hadi juu yetu,
na sauti zote zikazama.
Watu thelathini na wanane wakatulia, kila mmoja
akipanda kichwani ngazi za kwake,
akihesabu: ukuta wa nyuma, choo, kitanda cha mtoto.
Mimi nilihesabu mti.
Mkaratusi niliouangusha mwaka juzi
ili matofali yapate njia,
nikasema nitapanda mwingine.

Udongo uwahi ungali maji.
Sasa nikaisikia.
Mteremko nao unaijua methali hiyo,
na hauisemi wakati wa kufungua kikao.
Ukishakuwa maji, udongo ndio unaotuwahi sisi.

Tulitawanyika bila sala ya kufunga.
Kila mtu alipewa mashina matatu katika mfuko wa plastiki.
Yangu niliyapanda usiku uleule, nyuma ya jiko,
simu mdomoni kama tochi, magoti ndani ya tope.
Mke wangu alisimama mlangoni,
akauliza nimepoteza nini.

Asubuhi mbuzi wa jirani alikuwa amekula shina moja.
Mawili yamebaki. Yameshika
kipande cha Bukavu chenye upana wa sahani.

Mengineyo: kiti kimoja kimevunjika mguu.
Sambusa zilizobaki alichukua mlinzi.
Swali la Mama Cibalonza limeahirishwa hadi kikao kijacho.
Nimelipigia mstari mara mbili,
karatasi ikatoboka.